Rwanda, Uganda au Biafra? Kuchagua kisa cha mada ya madola ya kigeni na migogoro ya kikabila

Mada hii haikosi kila mwaka: madola ya kigeni yalichangia kiasi gani migogoro ya kikabila katika nchi za Afrika zilizokuwa makoloni? Inapangwa kwenye midahalo ya sekondari, inatolewa kama insha, inachaguliwa kwa utafiti mdogo wa chuoni. Na mara nyingi wanafunzi wa Mwanza, Musoma na Bukoba hukwama pale pale: wachukue kisa kipi? Mwenye visa vitano ndani ya dakika saba huishia kusoma orodha ya nchi. Kisa kimoja kilichochimbwa hadi chini kinatosha, na cha pili kiwe cha kukipimia tu.

Hapa tunalinganisha vitatu: Rwanda, Uganda, na Nigeria ya vita vya Biafra, eneo la mashariki lililotaka kujitenga. Katanga, jimbo la Kongo lililojaribu kujitenga, tumeiacha makusudi. Kule kampuni ya madini, askari wa Ubelgiji na mamluki walijaa jukwaani kiasi kwamba suala la kabila linafunikwa. Kisa kile kinafaa zaidi mada ya rasilimali.

Vigezo ni vitano. Kwanza, mgeni alifanya nini kinachoshikika? "Wagawe uwatawale" si ushahidi, ni kaulimbiu. Ushahidi ni kipande (kitambulisho), mpaka, mshahara, bunduki, mkataba wenye tarehe. Pili, alikuta nini? Tatu, baada ya bendera kushushwa, mwenyeji gani alikiokota kile kitu akakitumia? Nne, ushahidi unapatikana wapi, na kwa lugha gani? Tano, watu huteleza wapi? Kigezo cha tatu ndicho kinachoangusha wengi, kwa hiyo tutakaa nacho zaidi.

Mgeni alifanya nini hasa

Kisa cha Rwanda kinaanzia karibu na hapa kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alilitazama ziwa akiwa upande wetu huu wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Katika kitabu alichochapisha 1863 alidai kwamba watawala wa falme za kandokando ya ziwa ni watu waliotoka nje, upande wa Uhabeshi, wakawatawala waliowakuta. Hakuwa na uthibitisho. Hata hivyo wamisionari na maofisa waliomfuata waliipokea dhana hiyo kama elimu iliyokamilika, na nchini Rwanda ikageuka kuwa sera.

Wajerumani waliiweka Rwanda katika koloni lile lile lililokuwa na Mwanza, Bukoba na Tabora, wakatawala kupitia mwami, yaani mfalme. Wabelgiji walioingia 1916 walikwenda mbali zaidi. Kati ya 1926 na 1931 walipanga upya utawala wa machifu na kuwaondoa karibu machifu wote Wahutu. Mwaka 1931 walimwondoa Mwami Musinga na kumtawaza mwanawe, Rudahigwa. Sensa ya 1933–34 ikamwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kitambulisho chenye neno hilo kikafuata. Kufikia 1959, machifu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi, na machifu wadogo 549 kati ya 559. Kisha Ubelgiji ikageuka. Wasomi wa Kitutsi walipoanza kudai uhuru, ikawapa mgongo na kuwaunga mkono viongozi wa Kihutu, na ofisa wake, Kanali Guy Logiest, akasimamia kubadilishwa kwa machifu baada ya machafuko ya Novemba 1959. Kugeuka huku ni hoja nzito kuliko kitambulisho chenyewe, lakini kwenye midahalo husikika mara chache mno.

Ufaransa iliingia baadaye, kwa mkataba wa kijeshi wa 1975, kisha kwa askari wake waliotua Oktoba 1990 baada ya RPF, waasi walioongozwa na wakimbizi wa Kitutsi, kuvuka mpaka kutoka Uganda. Silaha nyingine zilitoka Misri na Afrika Kusini. Na usisahau dhambi ya kutotenda: tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270.

Uganda haina kipande cha namna hiyo. Ina mgawanyo wa kazi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliipa Buganda ardhi ya mailo, yaani ya umiliki binafsi, na hadhi ya pekee. Mawakala wa Kiganda walitumwa kutawala mashariki, na sehemu za Bunyoro zikakabidhiwa Buganda. Pamba na kahawa zikalimwa kusini, huku kaskazini kukifanywa ghala la vibarua na askari. Ilipofika Oktoba 1962, shule na fedha zilikuwa kusini, na bunduki zilikuwa mikononi mwa watu wa kaskazini. Baada ya uhuru wageni walibadilishana zamu. Israel ilifundisha jeshi, Uingereza ikaitambua haraka serikali ya Amin baada ya mapinduzi ya 25 Januari 1971, na alipowageuka wote wawili, nafasi ikachukuliwa na Libya na Umoja wa Kisovyeti. Katika miaka ya 1990 Sudan iliwapa silaha waasi wa LRA kaskazini, huku Uganda ikiwasaidia SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan.

Nigeria ni kisa cha mipaka, halafu cha mafuta. Gavana Mwingereza, Lugard, aliunganisha kaskazini na kusini mwaka 1914 bila kuziunganisha kweli. Kaskazini ilitawaliwa kupitia maamiri, na wamisionari wakazuiwa kufungua shule katika sehemu kubwa ya maeneo ya Waislamu. Kusini ikasoma. Kwa hiyo makarani, mafundi wa reli na wachuuzi waliokwenda kaskazini wengi wao walikuwa Waigbo, nao waliishi katika mitaa ya wageni, sabon gari, mbali na wenyeji. Katiba ya 1946 ikaigawa nchi mikoa mitatu, kila mmoja ukiwa na kabila moja kubwa lililowameza wengine. Mafuta yakagunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Vita vilipoanza Julai 1967, Uingereza iliiuzia silaha serikali ya shirikisho, Wasovyeti wakaipa ndege za kivita, na Ufaransa ikaisaidia Biafra kwa kificho kupitia Gabon na Ivory Coast.

Hebu angalia hapo: London na Moscow, mahasimu wa Vita Baridi, walisimama upande mmoja. Anayedai kwamba kila vita vya Afrika vilikuwa Mashariki dhidi ya Magharibi lazima alijibu hilo.

Alichokikuta

Wengi hudai Wabelgiji walibuni majina ya Mhutu na Mtutsi. Hawakubuni. Watu walizungumza lugha moja, na ukoo mmoja uliweza kuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake, lakini tofauti za hadhi zilikuwepo. Mwami Rwabugiri, aliyefariki 1895, alikuwa ameshatanua uburetwa, kazi ya kulazimishwa iliyowaelemea Wahutu. Alichofanya Mbelgiji ni kuuziba mlango uliokuwa wazi kidogo. Mtu aliyeweza kupanda au kushuka hadhi sasa alifungwa na karatasi, na karatasi ile wanawe wakairithi.

Uganda: ushindani wa Buganda na Bunyoro ni wa zamani kuliko Mwingereza, na kaskazini zilikuwepo jamii nyingi zisizo na mfalme mmoja. Nigeria: dola la Sokoto lilizaliwa na jihadi ya 1804, ilhali Waigbo wengi waliishi katika vijiji vilivyojitawala bila chifu mkuu. Kwa Nigeria aya moja ya namna hii inatosha. Kwa Rwanda haitoshi.

Aliyekiokota

Jaji mzoefu atakuuliza swali hili: kama mkoloni ndiye chanzo, mbona sisi hatukuchinjana? Hadi 1916, Mwanza, Bukoba na Rwanda zilikuwa chini ya Mjerumani yule yule. Buhaya nako kulikuwa na abakama, ukoo wa Abahinda uliotawala, na Abairu waliotawaliwa, mpangilio unaofanana sana na wa majirani wa ng'ambo ya Kagera. Mwingereza aliyefuata naye aliwatumia machifu. Usukuma iliundiwa shirikisho la machifu lenye makao Malya. Mbegu ya mgawanyiko ilikuwepo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeandikiwa Uhinda au Uiru kwenye karatasi, na baada ya uhuru Serikali ilifuta nafasi za machifu mwaka 1963 badala ya kuzifanya ngazi ya kisiasa. Kiswahili nacho kilikuwa tayari kazini, shuleni na mahakamani.

Mshiriki asiyekuwa na jibu la swali hilo ameshindwa hata kama ana tarehe zote.

Rwanda ilikwenda njia nyingine. Utawala wa Rais Kayibanda, kisha wa Rais Habyarimana, ulikiacha kitambulisho cha kikabila kikitumika na ukagawa nafasi za shule na kazi kwa mgao wa kabila. Zaidi ya miaka 30 baada ya Wabelgiji kuondoka, karatasi ile ile ilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, Aprili hadi Julai 1994. Redio ya RTLM, iliyoanza 1993, ilichochea kwa Kinyarwanda, na wahariri na wamiliki wake walikuwa Wanyarwanda. Kwa takriban siku 100 watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji. Kikulacho ki nguoni mwako, hata kama nguo ilishonwa na mgeni.

Uganda, mwenyeji aliyeokota ni mwanasiasa aliyejua bunduki ziko wapi. Mei 1966 Obote, kiongozi wa nchi, alilituma jeshi kuvamia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, mkuu wa operesheni akiwa Amin. Miaka mitano baadaye Amin alimpindua Obote, na askari wengi Waacholi na Walangi wakauawa kambini. Mwingereza hakuwepo kutoa amri. Lakini jeshi lililojazwa watu wa upande mmoja wa nchi lilikuwa kazi yake.

Nigeria, mlolongo unakwenda kasi: mapinduzi ya Januari 1966 yaliyowaua viongozi wa kaskazini na kuonekana kuwa ya Waigbo, amri ya Mei ya kufuta mikoa iliyotolewa na Jenerali Ironsi, aliyeshika madaraka baada ya mapinduzi hayo, mauaji ya Waigbo kaskazini, mapinduzi ya pili Julai, mauaji makubwa zaidi Septemba na Oktoba, mazungumzo ya Aburi, Ghana, Januari 1967 yaliyovunjika, kisha Ojukwu, gavana wa mashariki, kutangaza Biafra tarehe 30 Mei. Kila hatua ina jina la Mnigeria. Na ndani ya Biafra yenyewe walikuwemo Waijaw, Waibibio, Waogoni na wengine ambao si wote waliotaka kutawaliwa kutoka Enugu. Gowon, mkuu wa serikali ya shirikisho, alilijua hilo alipogawa nchi majimbo 12, siku tatu kabla ya Ojukwu kutangaza.

Ushahidi, na mahali pa kuupata

Kwa aliye kanda ya ziwa, Rwanda ndiyo yenye ushahidi mwingi na wa karibu. Hukumu za mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, zinasomeka bure mtandaoni kwa Kiingereza na Kifaransa, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha. Jihadhari na kitu kimoja: mahakama ile ilipewa mamlaka juu ya makosa ya mwaka 1994 tu. Ukitaka kuthibitisha kosa la Ubelgiji la miaka ya 1930 au 1959, hukumu zake hazitakubeba. Utahitaji vitabu vya historia. Kuhusu Ufaransa, ripoti ya tume ya wanahistoria ya Duclert ya Machi 2021 inasema nchi hiyo inabeba lawama nzito, lakini haikukuta ushahidi wa ushirika katika mauaji. Nukuu pande zote mbili za hitimisho hilo. Ukikata kipande kimoja, mpinzani atakusomea cha pili.

Uganda inayo ripoti ya tume ya uchunguzi wa haki za binadamu iliyoundwa 1986 na kutoa ripoti yake 1994. Ni ndefu, ya Kiingereza, na imejaa ushuhuda wa watu wa kawaida. Faida ya pili ni wazee. Kandokando ya ziwa wapo wengi wanaozikumbuka enzi za Amin, na Ngara wapo walioona watu wapatao 250,000 wakivuka Rusumo ndani ya siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994. Ukienda kuhoji, muulize mzee aliona nini, akiwa wapi, mwezi gani. Ukimuuliza "nani alisababisha?" utapata maoni yake, nayo si ushahidi. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Linganisha angalau wasimulizi watatu. Na usimuulize mtu yeyote, shuleni au mtaani, kama yeye ni Mhutu au Mtutsi.

Biafra ni ya mezani tu. Nyaraka za serikali ya Uingereza za miaka ya vita zilishafunguliwa na wanahistoria wamezitumia sana, kwa hiyo sehemu ya silaha ina uhakika mkubwa. Ila ni Kiingereza kitupu, na kwa Kiswahili utapata kidogo, isipokuwa yanayohusu uamuzi wa Tanzania.

Wanapoteleza wengi

Rwanda: hadithi ya "mwenye ng'ombe kumi aliandikwa Mtutsi". Inarudiwa kila mahali, lakini wanahistoria wanaitilia shaka kama kanuni ya sensa, iache. Kosa la pili ni kusema "walichinjana", kana kwamba pande mbili zilipigana sawasawa. Umoja wa Mataifa unayaita mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na jina sahihi ni sehemu ya hoja. Kwa familia nyingi za kanda hii jambo hili si habari ya kitabuni. Mei 1994 miili ilishuka na mto Kagera hadi ziwani, na watu wakaogopa samaki.

Uganda: Vita vya Kagera. Kwa kuwa vilitugusa, mshiriki wa Mwanza huvikimbilia. Anataja uvamizi wa Oktoba 1978, anataja ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979, ikakosa shabaha na kuua wanyama wa hifadhi ya Saanane. Ni kweli, na inasisimua ukumbini. Lakini vile vilikuwa vita vya nchi mbili, si mgogoro wa kikabila. Vinathibitisha kwamba Libya ilimkinga Amin, basi. Vitumie kwa sentensi mbili, kisha rudi kambini, walikouawa Waacholi na Walangi.

Biafra: kusahau kwamba sisi wenyewe tulikuwa mgeni. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, kwa hoja kwamba watu wasiolindwa na dola lao hawawezi kulazimishwa kubaki ndani yake. Ukimsema Mfaransa, utaulizwa kuhusu Mwalimu. Jibu lipo, ila liandae mapema: tofautisha utambuzi uliotangazwa hadharani, wenye sababu zilizochapishwa, na silaha zilizopitishwa usiku. Ukishindwa kuitetea tofauti hiyo, usichague kisa hiki.

Nani achague nini

Kama unatetea mada (madola ya kigeni ndiyo chanzo kikuu) na una dakika saba, Rwanda inakupa mnyororo usiokatika: dhana ya 1863, sensa ya 1933–34, kugeuka kwa 1959, askari wa 1990. Tumia dakika moja kufafanua mada, tatu kwa mnyororo huo, mbili kukiri walichofanya watawala wenyeji, na moja kwa swali la Buhaya. Ukiruka zile mbili za kukiri, mpinzani atazijaza yeye.

Kama unapinga mada, Nigeria inakufaa kuliko zote. Wahusika wenyeji wana majina, tarehe na sauti zao, na kambi za Vita Baridi zimechanganyika. Kubali mikoa ya 1946 tangu mwanzo ili usionekane unamtetea mkoloni.

Kama ni utafiti wa chuo na una miezi mitatu, nauli ndogo na simu ya kurekodia, nenda Uganda au Ngara, mahali penye watu wa kuhojiwa. Uganda inafaa hasa kwa anayetaka kuonyesha mgeni anayebadilika: Mwingereza, Mwisraeli, Mlibya, Msudani. Kwa insha ya mtihani kisa hiki ni kigumu, maana kina vipindi vingi na muda haukungoji.

Mwalimu anayepanga kipindi kwa darasa lenye watoto wa familia zilizotoka Rwanda au Burundi afikirie Nigeria kwanza. Darasa likishazoea kuuliza "nani alikiokota?", Rwanda inaweza kufuata wiki ya pili. Kwa mtangazaji wa redio mwenye nusu saa, swali la Buhaya na Rwanda linatosha kujaza kipindi kizima, na wasikilizaji wa Karagwe, Muleba na Ngara watapiga simu wenyewe.

Na aliyebaki na siku mbili tu achukue kile ambacho tayari anaweza kukisimulia bila daftari, kisha muda wote uliobaki autumie kwenye kigezo cha tatu.